Neno la Pili Ambalo Sikwenda Kuliweka

Walikuwepo mjane wa marehemu na binti zao wawili, kaka yake aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kakamega, mchungaji wa kanisa lao, mzee mmoja Mwislamu wa Bondeni, aliyecheza mpira na baba wa marehemu walipokuwa vijana wa nyumba za reli, akina mama wa jirani waliokuwa wakipika chai, fundi wa spika, katibu wa kikundi cha wakulima wa mbegu za viazi kutoka Mau Narok, na mimi. Hao ndio waliokuwa sebuleni kwake Kiamunyi alasiri ya maombi, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kuzikwa. Safu hii haina desturi ya kutaja majina, na leo pia sitataja, lakini nimewataja wote kwa nafasi zao kwa sababu nataka msomaji ajue kwamba jambo nitakalosimulia lilitokea mbele ya watu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyenilaumu. Marehemu alikuwa amefariki Jumatatu ya wiki hiyo, kwa ugonjwa aliotuficha karibu wote. Kwake mambo ya mwili yalikuwa ya kumalizwa kimyakimya ili watu warudi kazini.

Mimi nilipata habari kutoka kwa yule katibu. Alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyefanya aibu na hajui aipeleke wapi. "Madam, nimekosea," akasema. "Nilipigia boss asubuhi. Simu ikachukuliwa, mimi bila kungoja nikasema, boss, leo system iko slow sana. Kumbe ni mama, mke wa boss. Akaniambia, boss amefariki." Nikamuuliza, "Ukasemaje?" Akasema, "Nilisema pole. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema, pole sana mama, na hiyo slow?" Nilicheka kabla sijalia, na bado najisikia vibaya kwamba nilianza na kicheko. Lakini ukweli ni kwamba wengi wetu tulimjua hivyo hivyo, kama mtu wa kupigiwa kitu kikikwama. Hata kifo chake kilitufikia kupitia malalamiko.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba niliacha shule kidato cha pili wazazi wetu walipofuatana kaburini, na kwamba duka langu la kuchapa na kutoa nakala, hapa Nakuru, ndilo lililowasomesha wadogo zangu. Ndipo tulipokutana. Aliingia siku moja kutoa karatasi fulani, printa ikakataa, akazunguka upande wangu wa meza bila kuomba ruhusa na kuanza kuchungulia mashine yangu. Wadogo zangu walikuwa wameijaza michezo, programu za kanisa, programu za hesabu za duka na vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa vya nini. Akauliza, "Madam, hapa ndani umeweka nini?" Nikamwambia, "Kila kitu." Akasema, "Naona. Ni kama nyumba ya chumba kimoja. Kitanda hapa, jiko hapa, kuku hapa." Nikakasirika: "Wewe umekuja kuprint ama kunitusi?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Nilikuja kuprint, lakini kuku amekalia printer." Hakuwa mtu wa maneno laini. Alirudi kesho yake na kompyuta kuukuu aliyoifufua mwenyewe, akaiweka chini ya meza yangu, na akaanza kunifundisha kwa namna ya mtu anayegombana.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa programu moja huria, yaani ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kuisoma mstari kwa mstari na kuirekebisha. Inafanya kazi juu ya Linux, na kazi yake ni kugawa kompyuta moja iwe kama kompyuta nyingi. Wataalamu wanaziita sehemu hizo kontena. Yeye, mjukuu wa fundi wa injini za reli na mwana wa karani wa stesheni, aliziita mabehewa. Injini ni moja, alisema, na inavuta mabehewa mengi, kila moja na mlango wake na abiria wake. Likiungua behewa moja unalikata, treni inaendelea. Na kama kuna mteja mkaidi ambaye programu yake haikubali injini ya Linux, huyo unampa mashine pepe, ambayo ni sawa na kupakia treni nzima, injini na yote, juu ya behewa la treni nyingine. "Inawezekana," aliniambia, "lakini ni mzigo. Usifanye hivyo kwa sababu mtu ameringa." Na kabla ya kugusa chochote ndani ya behewa, ilikuwa lazima upige picha: programu inahifadhi hali ya behewa lilivyo wakati huo, ili ukiharibu urudi ulipokuwa. Wengine wakikutana hapa mjini husema sasa au niaje. Yeye alikuwa anasema, "Umepiga picha?"

Kwenye seva yake kubwa, iliyokaa rafu ya chini sebuleni kwake, alikuwa amempa kila mtu behewa. Mimi nilikuwa nalo, ndimo nilimohifadhi makala za safu hii. Madrasa ya mtaa wa yule mzee wa Bondeni ilikuwa nalo. Lakini lililokuwa zito kuliko yote lilikuwa la wakulima wa Mau Narok, na msomaji asiyelima viazi lazima nimweleze kwa nini. Kuna ugonjwa wa kunyauka unaokaa udongoni. Ukipanda kiazi katika shamba lenye ugonjwa huo, mmea unalala kama uliomwagiwa maji ya moto, na ukikata kiazi chenyewe kinatoa ute mweupe. Ubaya ni kwamba mara nyingi kiazi kinaonekana kizima. Unakiuza kama mbegu, mwenzako anakipanda, na sasa udongo wake pia umeugua kwa miaka. Dawa ya maana ni kujua tu: shamba gani ni gonjwa, mbegu ya wapi isichukuliwe. Na hilo ndilo jambo ambalo hakuna mkulima anayetaka lijulikane. Ukisema shamba lako limeugua, hakuna atakayenunua kwako hata kabeji. Kwa hiyo marehemu na katibu walizunguka msimu baada ya msimu, boma kwa boma, wakiwaahidi watu kwamba watakachosema hakitaonwa na jirani. Mtu akitaka mbegu angemuuliza katibu, naye angefungua behewa lile, atazame, na kusema tu, "Nenda kwa fulani," bila kueleza kwa nini hakumtuma kwa fulani mwingine. Ili kuitimiza ahadi hiyo, marehemu alizifunga diski zote za seva, na nakala ya akiba iliyokuwa kabatini pia, kwa neno la siri. Mashine ikiwaka, kila mwenye behewa anaingia kwa ufunguo wake. Ikizimwa, haiamki mpaka mtu aandike lile neno. Alilijua yeye peke yake.

Hakuna anayeweza kusema kwamba hakuliona tatizo hilo. Diski ya namna ile inakubali neno zaidi ya moja, kila mtu na lake, na lolote kati ya hayo linafungua. Alinipigia akaniomba niende Kiamunyi nikaweke la pili. Nikamuuliza, "Kwa nini mimi? Mimi ni wa kuchapa barua." Akasema, "Kwa sababu ulibaki na watoto na hukuhama. Njoo Jumamosi." Jumamosi hiyo nilikuwa na siku ya wazazi shuleni kwa kitinda mimba wetu. Iliyofuata, mdogo wangu mwingine alikuwa anapeleka mahari na hakuna mkubwa mwingine wa kusimama naye. Kisha nikaugua mafua. Akipiga simu nilikuwa namjibu kabla hajauliza, naye anacheka. "Wewe uko na wadogo wangapi? Kila wiki kuna mmoja." Nikamwambia, "Si ungeniambia tu hilo lako kwa simu?" Akakataa. "Langu ni langu. Njoo uweke lako." Sikujua kwamba alikuwa anaongea akiwa ameketi kitandani kwa sababu kusimama kulikuwa kumemshinda. Hakusema, nami sikuuliza kwa nini siku hizi anapiga simu yeye, mtu ambaye zamani alikuwa anapigiwa tu.

Narudi sebuleni. Nilifika nimechelewa, maombi yameanza, kwa hiyo sikupata nafasi ya kumpa mjane mkono. Alikuwa ameketi upande wa pili, katikati ya akina mama. Nilisimama karibu na mlango wa koridoni, jirani na ile rafu ya seva. Mchungaji alikuwa amefumba macho na sote tumefumba, ndipo mashine ikaanza kulia. Mwenye kompyuta Nakuru anaujua mlio ule. Ni kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine stima ikipotea, na kinalia kukuambia kwamba kinachoka. Taa zilikuwa zinawaka, kwa hiyo haikuwa stima. Fundi wa spika alikuwa amechomoa waya uliokuwa nyuma ya kochi ili apate mahali pa kuchomeka amplifaya, na huo ndio uliokuwa ukilisha seva. Mlio ukaendelea. Mchungaji akapaza sauti, nao mlio kama unaoshindana naye. Nikasikia kaka wa marehemu akinong'ona, "Nyamazisheni hiyo kitu." Betri ilikuwa kuukuu. Nilijua ina dakika chache, na nilijua kwamba mashine ikikatikiwa ghafla inaweza kuharibu kilichomo.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuvuka sebule, kupita mbele ya mjane ambaye sijampa pole, kuwaomba akina mama wainuke na kurudisha ule waya. Ya pili ilikuwa kuinama pale pale nilipokuwa na kubonyeza kitufe cha seva mara moja, kwa upole, kama alivyonifundisha mwenyewe, ili injini iyasimamishe mabehewa moja moja na kujizima kwa adabu. Niliona aibu kuvuka. Niliinama nikabonyeza. Mlio ulipokoma watu walishusha pumzi, mchungaji akasema amina, na baada ya maombi katibu alinishika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana madam. Umeokoa kazi yetu." Yule mzee wa Bondeni naye akasema, "Mungu akuweke, binti yangu." Niliipokea shukrani. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nimeshainywa nusu, nilipokumbuka lile neno. Mpaka wakati ule nilipobonyeza, katibu alikuwa na simu mfukoni na ufunguo wake kichwani. Kama ningevuka sebule na kuchomeka waya, angeweza kuingia siku yoyote na kushusha nakala ya kila kitu cha wakulima. Nilikuwa nimeufunga mlango kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama ndani ya nyumba ambamo nilikuwa nimealikwa kuja kuweka ufunguo wangu.

Baada ya mazishi nilienda Kiamunyi, safari hii bila kualikwa. Tuliwasha mashine, mimi na mjane, na kama nilivyoogopa, ikasimama kwenye mstari mmoja ikidai neno. Nilimweleza. Akavuta kiti akaketi kando yangu na tukaanza kukisia. "Jaribu majina ya watoto." Tukajaribu, yakiwa pamoja na yakiwa mbalimbali. "Jaribu siku tuliyooana." Hapana. Jina la kijiji chao, hapana. Jina la timu iliyomfanya agombane na redio, hapana. Jina la utani alilompa mke wake, ambalo alilitamka akitazama ukuta, hapana pia, na hapo niliona bega lake likishuka. Akasema, "Andika matoke. Alikuwa anapenda matoke." Tukaandika matoke. Mashine ikauliza tena, vilevile, bila hasira na bila haraka. Mwisho akaondoa mkono mezani. "Zima. Sitaki kitu ya kuniuliza kama nilimjua bwanangu." Nikazima. Nilitaka kumwambia kwamba maneno ya namna ile huchaguliwa makusudi yasikisiwe, kwamba haikuwa kipimo cha ndoa yake, na nilimwambia, lakini kitu kilikuwa kimeshaingia ndani yake na mimi ndiye niliyekileta. Kisha akasema bila kunitazama, "Wewe ndio ulikuwa uje kuandika lako, si ndio? Alikuwa ananiambia, Jumamosi madam wa typing anakuja. Basi mimi Jumamosi naongeza maziwa ya chai." Nikamuuliza, "Kila Jumamosi?" Akasema, "Sasa ningejua ni gani?"

Msomaji, nimeyageuza hayo maziwa kichwani kuliko hata mashine yenyewe. Nilikuwa na sababu kila mara, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Hakuna hata moja ninayoweza kuirudia leo niione ni ya uongo. Lakini naanza kushuku kwamba sisi tuliolelea wengine tukiwa bado wadogo tunajificha nyuma ya kazi hiyo. Tukishasema "wadogo zangu" hakuna mtu anayethubutu kuuliza swali la pili. Mtu akituomba jambo la nje ya nyumba yetu tunaona kama ameomba chakula kutoka mdomoni mwa mtoto, hata kama mtoto mwenyewe sasa ana ndevu na anapeleka mahari.

Marehemu naye simwachi hivi hivi, kwa kuwa angenicheka kama ningemfanya mtakatifu. Aliwahi kunisimulia historia ya ile programu yake. Ilikuwa chini ya mikono fulani, kisha baadhi ya waliokuwa wakiijenga wakaona njia inakokwenda siyo waliyoitaka. Kwa sababu ilikuwa huria, walichukua nakala ya msimbo wote, wakaupa jina jingine na wakaendelea na kazi. Mabehewa ya watu duniani kote yakahamia upande mpya bila abiria kushuka. Alilisimulia hilo kwa furaha kubwa, akipiga meza. "Umeona? Hakuna mtu mmoja anaweza kuondoka na hii kitu!" Na alikuwa anasema hivyo akiwa ameketi mbele ya seva ambayo mtu mmoja aliweza kuondoka nayo, na akaondoka nayo. Programu ilikuwa ya watu wote. Neno lilikuwa lake. Nadhani alipenda kupigiwa simu. Nadhani pia kwamba alipotafuta mtu wa pili aliangalia wenye kazi ya kompyuta tu, akaniona mimi niliye upande wa pili wa mji, asimwone mtu aliyekuwa akimletea chai hapo hapo kwenye kiti. Hakumnyima mkewe kwa ubaya. Hakumfikiria tu, kama ambavyo mimi, siku ya maombi, nilienda kwa mashine kabla ya kwenda kwake.

Niliwasimulia wadogo zangu haya tulipokutana kula pamoja. Nilitarajia wanipe pole. Yule anayenifuata, ambaye sasa ni mwalimu kule Njoro, aliweka kijiko chini akasema, "Na wewe je? Hati ya shamba la baba iko wapi?" Nikasema, "Iko salama." Akasema, "Sijauliza kama iko salama, nimeuliza iko wapi." Kitinda mimba akadakia, "Hata PIN ya simu yake hakuna anaijua. Huyu akianguka kwa bafu tutampigia nani na simu gani?" Wakacheka wote, nami nikajaribu kucheka. Nimewashikia kila kitu tangu nikiwa na sare ya shule, na nilidhani huko ndiko kuwapenda. Sikuwahi kufikiria kwamba nilikuwa nawaandalia alasiri kama ile ya mjane, wakikaa mbele ya sanduku langu, wakikisia mimi nilikuwa nani. Siku hiyo niliwaonyesha hati ilipo. Ilinichukua nguvu zaidi ya nilivyotegemea.

Mashine mpya sasa ipo. Imewekwa dukani kwangu, na mzee wa Bondeni ndiye aliyetoa diski. Siku ya kuifunga niliweka neno langu, kisha nikamwomba mjane aweke lake. Akasita. "Mimi computer sijui." Nikamwambia, "Si computer. Ni neno tu, na usiniambie." Akavua leso begani, akaifunika kibodi pamoja na mikono yake, nami nikageuka kutazama barabara. Alichapa polepole sana, kidole kimoja. Alipomaliza akasema, "Imekubali," na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu, tabasamu dogo la mtu mwenye kitu chake. Tukaliamsha behewa jipya la wakulima. Lilikuwa tupu.

Kulijaza ndiyo kazi niliyojipa. Katibu na mimi tumekuwa tukipanda Mau Narok kila nipatapo siku, boma kwa boma, kama walivyofanya wao. Baadhi wamesema tena bila shida. Wengine wametutazama kama watu waliokuja kudai kitu mara ya pili. Juzi tulifika kwa bibi mmoja anayelima peke yake kwenye mteremko unaotazama mashamba ya ngano. Alikuwa amechutama akichagua viazi, vya mbegu huku, vya kula huku. Hakusimama.

"Wewe ni wa viazi ama wa kura?" akauliza.

"Wa viazi, shosho."

"Yule mwanaume mweusi mrefu ako wapi?"

"Alifariki, shosho."

Akaacha kuchagua kidogo. Akasema maneno kwa Kikuyu ambayo yalikuwa ya Mungu na ya marehemu, sikuyaingilia. Kisha akasema, "Mimi nilimwambia yangu yote. Akaandika."

"Yamepotea. Mashine ilizimwa haifunguki."

"Yeye alisema haiwezi kupotea."

"Mimi ndio niliizima."

Hapo ndipo aliponitazama vizuri, kuanzia viatu. "Na sasa unataka niseme tena."

"Ndiyo, shosho. Tafadhali."

"Mara ya kwanza niliambia mtu mmoja, huyu wako akiwa nje. Leo mko wawili. Mwaka ujao mtakuwa soko." Akarudi kwa viazi vyake. Katibu akajaribu kumbembeleza, akimwita mathe, akimkumbusha mbolea waliyomletea. Bibi akamwambia anyamaze, kwamba mbolea haina mdomo. Tulipokuwa tunaaga, akasema kama anayejisemea, "Na mlichelewa. Kuna mtu wa Olenguruone alikuja hapa na pikipiki akachukua magunia." Nikamuuliza, "Ya kula ama ya mbegu?" Akasema, "Ya mbegu." Nikamuuliza kutoka shamba gani, la juu au la chini. Vidole vyake viliendelea kuchagua, mpaka nikaelewa kwamba hatajibu, na kwamba kutojibu kwake si ukatili. Zamani mtu yule wa Olenguruone angempigia katibu kwanza, na katibu angetazama, na kama shamba lilikuwa gonjwa angetumwa kwingine bila bibi huyu kuaibika. Safari hii alipopiga, kwa simu ya kuazima na bila kujitaja, katibu hakuwa na kitu cha kutazama, akamwambia ajitafutie tu.

Nilichojifunza nimekilipia kwa vitu vya watu wengine, kwa hiyo nakisema bila majivuno. Mtu akikuomba ushike kitu pamoja naye, usidhani ni heshima anayokupa ambayo unaweza kuipokea ukipata nafasi. Ni kazi, na kazi hiyo ina siku yake, na mwombaji huenda anaijua siku hiyo na wewe huijui. Nenda akiwa bado anaweza kukufungulia mlango. Na kama ni wewe unayeshika, angalia kwanza aliye karibu, hata kama kazi yako haijui, umpe nafasi ya kuweka neno lake. Mvua imeshika Mau tangu wiki jana. Yapo maboma ambayo hatujayafikia na yapo tuliyoambiwa turudi. Kesho naenda Olenguruone kumtafuta mtu mwenye pikipiki, nisiyemjua kwa jina, aliyebeba mbegu ambazo siwezi kumwambia kama ni nzima au ni gonjwa, na kwa jinsi udongo ulivyolowa, huenda nikamkuta ameshazifukia.